Heri Mwenye Farasi wa Ng'ambo

Kuna watu ambao mambo yamewanyookea kupita kiasi. Nyumba imekwisha, mkopo wa benki umelipwa, watoto wamemaliza masomo na hawaombi tena karo, presha imeshuka hadi pale daktari alipoitaka. Mtu wa aina hii huamka alfajiri, akatazama dari, akakosa la kuhangaikia. Huo ni ugonjwa, na hospitali zetu hazina wodi yake. Wengine hujitibu kwa kugombea ubunge. Wengine hujenga hoteli ufukweni, mahali ambapo bahari nayo ina mipango yake. Dawa zote mbili huwaumiza majirani. Mimi napendekeza iliyo salama zaidi: anunue farasi. Asinunue wa hapa, maana wa hapa anaweza kuwa mzima. Anunue Ujerumani au Uholanzi, wa ukoo wa Olimpiki, amlete Nairobi kwa ndege, kisha awe anampanda Jumapili asubuhi, taratibu, kutoka bandani hadi kwenye mti wa mwisho wa kiwanja, na kurudi.

Shemeji yangu amefanya hivyo. Tangu hapo sijamsikia tena akisema kwamba maisha hayana ladha.

Tuanze na bidhaa yenyewe, kwa kuwa wenye wivu hudai kwamba farasi ni farasi tu. Mwaka 1735 Mfalme George II wa Uingereza, ambaye pia alikuwa mtawala wa Hanover, alianzisha kituo cha madume ya farasi katika mji wa Celle ili wakulima wa huko wapate mbegu bora. Enzi zile farasi wa Hanover alikuwa na kazi. Alilima, alivuta gari, alikwenda vitani. Kwa hiyo bei yake ilikuwa bei ya mnyama wa kazi, ya kueleweka. Baada ya Vita Kuu ya Pili trekta likaingia shambani, jeshi likapanda magari, farasi akabaki hana kazi hata moja. Bidhaa nyingine yoyote ingeporomoka. Wajerumani wakamchanganyia damu ya farasi wa mbio wa Kiingereza na ya farasi wa aina ya Trakehner, wakampunguza uzito, wakamrefusha hatua, wakamfanya mwanamichezo. Na kadiri alivyopungukiwa na kazi ndivyo alivyopanda bei. Leo katika minada ya mji wa Verden farasi kijana wa kupanda huondoka kwa makumi ya maelfu ya euro, na walio bora kabisa kwa mamia ya maelfu. Ni wachache duniani waliostaafu vizuri namna hiyo.

Kilele kilifikiwa mwaka 2010, pale Totilas, dume mweusi wa Kiholanzi aliyevunja rekodi za dunia katika dresaji, yaani ule mchezo wa farasi kutembea kwa madaha mbele ya majaji, alipouzwa Ujerumani kwa kiasi ambacho magazeti yalikikadiria kuwa euro milioni 10. Huyo angalau alinunuliwa kwa ajili ya medali. Michezo ya London ya 2012 hakwenda. Desemba 2020 akafa kwa msokoto wa tumbo, ugonjwa uleule unaomuua farasi wa mkokoteni.

Shemeji hakutaka medali. Alitaka, kwa maneno yake mwenyewe, kitu cha kupumzishia akili.

Akili yake ilianza kupumzika kwa katalogi ya mnada. Kila farasi ameandikiwa nasaba ya vizazi kadhaa, kuumeni na kukeni, na kwa desturi ya Hanover jina la mtoto huanza na herufi ya kwanza ya jina la baba, hata ukiona jina la D unajua unapita kwenye ukoo wa akina D. Shemeji, ambaye baba wa babu yake hamjui hata kwa jina la utani, sasa huwataja mababu wa farasi wake bila kutazama karatasi, akiongeza nani alikuwa na mgongo mzuri na nani alikuwa na hasira. Dada yangu amewahi kumuuliza tarehe ya harusi yao, akasema atamjibu baadaye.

Kisha ukaja uchunguzi wa daktari. Sisi tunaogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Huko hawakuuzii kwenye gunia, wanakuuzia kwenye eksirei. Miguu hupigwa picha kutoka kila upande, pengine na shingo na mgongo. Halafu daktari humkunja farasi mguu, akaushikilia kama dakika moja, akauachia, na farasi akatolewa mbio za telki juu ya sakafu ngumu ili ionekane kama atachechemea. (Nashauri msomaji aliyevuka miaka arubaini asijijaribu mwenyewe kipimo hiki.) Mwisho wa yote daktari hasemi kwamba farasi ni mzima. Anasema kwamba siku ile, saa ile, hakuona kitu cha kumzuia mnunuzi huyu kwa matumizi yale aliyoyataja. Katika picha moja kulikuwa na kivuli kidogo kwenye kifundo cha mguu wa nyuma. Kivuli hicho kilielezwa kuwa hakina maana. Tunakula nacho chakula cha jioni kila nikienda kuwatembelea.

Kuhusu safari kuna jambo ambalo wasafiri wetu wa kawaida wanapaswa kulijua. Farasi husafirishwa ndani ya vizimba vya kupakiwa kwenye ndege ya mizigo, na kizimba kimoja huchukua farasi watatu. Ukilipa zaidi, wanawekwa wawili. Ukilipa zaidi tena, anakaa peke yake. Yaani madaraja ni yaleyale tunayoyajua sisi, isipokuwa abiria wa daraja la chini naye hupewa chakula muda wote, nyasi kavu kwenye wavu mbele ya pua yake, na mhudumu wa kumshika shingo ndege inapopaa. Zaidi ya hayo, farasi hawezi kutapika. Mlango wa tumbo lake umefungwa kwa namna ambayo kilichoingia hakirudi. Ni sifa nzuri kwa abiria. Hasara yake huonekana baadaye, tutaifikia.

Wapo wanaolalamika kuwa ni ufujaji kumrusha angani mnyama wa karibu kilo 600 ili aje kutembea kiwanjani. Hao wanasahau kwamba kila siku ndege za mizigo hutoka Nairobi zimejaa waridi za Naivasha kwenda Uholanzi, waridi ambazo baada ya wiki moja zitakuwa kwenye pipa la taka. Sisi tunawapelekea kitu kizuri, cha bei, kisichodumu. Wao wanatuletea kingine. Biashara hii ina usawa kuliko nyingi tulizowahi kutia sahihi.

Na kweli hadumu kirahisi, hapo ndipo thamani yake halisi ilipo. Afrika ina ugonjwa wake maalumu kwa ajili ya mgeni huyu, tauni ya farasi, na wataalamu wameshahesabu aina tisa za virusi vyake. Huletwa na usubi, kadudu kadogo kuliko mbu kanakotoka jua linapozama na kuuma mpaka alfajiri, hasa baada ya mvua nzuri. Dawa ya kuutibu hakuna. Ukishika mapafu ya farasi asiye na kinga, kati ya mia unaweza kuua hadi tisini na tano, na mara nyingi povu humtoka puani kabla mwenyewe hajamaliza kutafuta namba ya daktari. Kule Rasi, kusini mwa bara, mlipuko wa 1719 uliua farasi kama 1,700; ule wa 1854 na 1855 uliua karibu 70,000. Ipo chanjo, hutoka Afrika Kusini, na hurudiwa kila mwaka. Humpunguzia farasi hatari. Humwachia mwenye farasi wasiwasi wake wote, jambo ambalo ndilo alilolipia.

Sasa pundamilia, aliye jamaa wa farasi na anayelala nje kila usiku pale Mbuga ya Taifa ya Nairobi bila chandarua wala chanjo, virusi hivyo huvibeba kama mtu anavyobeba kitambulisho. Haumwi. Mwaka 1987 Hispania ilinunua pundamilia kutoka Namibia kwa ajili ya bustani ya wanyama karibu na Madrid, nao wakafika na mzigo wao, na miaka mitatu iliyofuata farasi wa Hispania walikuwa wakifa na kuchinjwa. Ndiyo sababu Ulaya haina haraka ya kumpokea tena farasi aliyekwisha kuishi upande wetu. Tiketi ya mnyama huyu ni ya kuja tu. Shemeji aliposikia hayo alinyamaza muda mrefu, kisha akaagiza wavu wa madirisha, feni za bandani, na mafuta ya kumpaka ambayo harufu yake sasa ndiyo harufu ya nyumba yao.

Nimetaja pundamilia, na kuna mwerevu ataniuliza kwa nini basi tusipande hao. Alikuwapo aliyejaribu. Daktari Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyeanza kutoa tiba Nairobi mwanzoni mwa karne iliyopita wakati mji ukiwa bado mabati na matope, alimfuga pundamilia akawa anamtumia kuzungukia wagonjwa. Alifika, akatibu, akarudi. Hakuna katalogi, hakuna eksirei, hakuna bima. Mtu huyo ni wazi hakuelewa starehe ni nini.

Walioielewa vizuri ni wafalme wa pwani ya kusini mwa India, katika karne ya 13. Marco Polo aliyepita huko anasimulia kwamba mfalme mmoja tu alinunua zaidi ya farasi 2,000 kila mwaka kutoka Hormuz, Dhofar, Sohar na Aden, kwa bei ya kutisha, na mwaka ulipokwisha walikuwa hawajabaki hata mia. Hali ya hewa haikuwafaa, walilishwa wali uliopikwa na nyama, na hapakuwa na mtu aliyejua kuwatunza wala kuwatengeneza kwato. Na kwa nini hapakuwa? Kwa sababu wafanyabiashara wa farasi walihakikisha kwamba mafundi wa kwato hawavuki bahari. Msafiri yule alidhani anasimulia ujinga wa wafalme. Mimi naona alikuwa anaeleza biashara iliyokamilika: mnunuzi hapungukiwi kamwe na sababu ya kununua tena. Na wajuzi wa Oman waliokaa karne nyingi katika biashara hiyo walipokuja kwetu wengi wao walipanda punda.

Siku hizi tumeendelea, fundi wa kwato anaruhusiwa kuvuka bahari. Huja kila baada ya wiki sita hadi nane na sanduku lake, akang'oa viatu, akachonga, akapigilia vipya. Yupo pia wa meno, kwa kuwa meno ya farasi huendelea kuchomoza na kulika upande mpaka yakawa na makali, ikabidi yapigwe tupa. Kwa siku mnyama hula kilo kumi na kitu za nyasi kavu na kunywa ndoo mbili tatu za maji, lakini usimpe kwa mkupuo, tumbo lake ni dogo kuliko umbo linavyoahidi. Utumbo ndio mrefu. Ukiunyoosha unapita mita ishirini, na mahali popote katika mita hizo panaweza kujisokota saa nane za usiku. Hapo ndipo ile sifa ya kutotapika inaporudi na bili yake. Farasi hutazama ubavu wake mara mbili, mara tatu, hulala, huinuka, hubingirika, na shemeji akiwa na gauni la kulalia huzungushwa naye uani hadi kunapambazuka, huku akimwomba kwa upole ajambe. Nimemwona mwenyewe. Huyu ni mtu ambaye aliwahi kusimamia idara yenye watu mia nne.

Farasi ana bima inayolipia upasuaji wa tumbo. Saisi wake, mzee wa Kitui aliyekulia kwenye mabanda ya farasi wa mbio, ana tangawizi.

Mzee huyo ndiye anayempanda farasi siku sita za juma, kwa kuwa mnyama wa mazoezi asipofanya mazoezi huvunja mlango. Siku ya saba ni ya mwenyewe. Na hapa lazima nieleze ustadi wa mnyama, maana ndio uliolipiwa. Farasi wa dresaji amefundishwa kusikiliza mwili wa anayempanda: mashavu ya miguu, kisigino, uzito wa matako juu ya tandiko. Ukimgusa kidogo kwa kisigino cha kushoto nyuma ya mkanda wa tandiko, huelewa kwamba unamtaka aende upande wa kulia. Ukimbana kwa miguu huku umemzuia kwa hatamu, huelewa kwamba unamtaka apige telki papo hapo, bila kusonga mbele, magoti juu. Miaka kadhaa ya kazi ya Wajerumani wenye subira imo ndani ya masikio yale mawili.

Jumapili moja shemeji alipanda. Alikuwa na kofia mpya, buti mpya, na bakora ambayo hakujua pa kuiweka. Walitoka vizuri. Karibu na bustani ya mboga akanigeukia anisalimie, na katika kugeuka akaegemea, kisigino kikamgusa mnyama. Farasi akainamisha shingo kwa adabu, akapishanisha miguu kama mcheza ngoma wa siku nyingi, akaanza kwenda ubavuubavu, hatua baada ya hatua, sawasawa kabisa, hadi katikati ya sukuma wiki ya dada. Shemeji akaogopa, akabana miguu, akavuta hatamu. Farasi akasimama mahali pamoja akaanza kupiga telki palepale, magoti juu, akitwanga tuta la sukuma wiki kwa mdundo usiokosea hata nukta. Majaji wangempa alama za juu.

"Mzee, umemwambia aende kando," saisi akasema, mikono mgongoni.

"Mimi sijasema kitu!"

"Umesema kwa kisigino. Sasa unamwambia acheze. Nyamaza kidogo, mzee. Nyamaza miguu."

Shemeji akanyamaza miguu. Farasi naye akanyamaza, akangoja, masikio nyuma, kama karani mwerevu anayesubiri bosi amalize sentensi ambayo haitakwisha. Jioni tulikula kilichookolewa. Dada akasema ni bora enzi zile mumewe alipokuwa akicheza gofu, angalau mipira haikuingia bustanini. Lakini nilimtazama mumewe akijieleza bila kuchoka, nani alikosea, tandiko lilikaaje, hali ya kile kivuli cha kifundoni ikoje, na usubi wa leo je, na nikaona mtu mwenye sababu ya kuamka kesho.

Baada ya miezi michache farasi akaanza kukonda. Alisimama mlangoni mwa banda akiyumbisha kichwa kushoto na kulia kutwa nzima. Daktari akaja, akachukua damu, akaipeleka maabara. Majibu yakaja safi. Akaja mwingine, akapendekeza lishe ya vidonge kutoka Ubelgiji. Ni saisi aliyesema, bila kuulizwa, kwamba farasi ni mnyama wa kundi, na huyu hajaona mwenzake tangu ashuke kwenye ndege. Anaumwa upweke.

Shemeji akatazama katalogi ya mnada wa vuli. Dada naye akamtazama yeye. Wakakubaliana kumtuma saisi kwenye soko la mifugo upande wa Kajiado, naye akarudi jioni na punda jike, wa kijivu, mwenye sikio moja lililochanika. Nilimuuliza alimchunguza vipi. Alimfunua mdomo akaona meno, akampiga kofi mgongoni, akamtembeza hadi kwenye lori na kurudi, akalipa kwa M-Pesa. Tauni ya farasi kwa kawaida haimsumbui punda. Viatu hana. Hula nyasi alizoziacha farasi, na maganda ya viazi kutoka jikoni.

Farasi alimnusa, akapiga kelele moja ambayo ilisikika hadi barabarani, na usiku ule akala chakula chote. Tatizo dogo ni kwamba sasa hatoki bandani bila punda. Kwa hiyo Jumapili msafara huenda hivi: punda mbele, saisi juu yake amening'iniza miguu, na nyuma yao mnyama wa Verden, mjukuu wa mabingwa, shemeji akiwa juu kama balozi. Na mwendo wanaokwenda ni wa punda. Yule aliyerefushwa hatua kwa kizazi baada ya kizazi amejifunza, kwa hiari yake, kuzifupisha.

Shemeji amenipigia juzi, sauti imechangamka. Amegundua kwamba punda akifa, farasi naye atakufa, na kwa hiyo punda lazima awekewe bima. Kampuni imekubali, lakini inataka pasipoti yake, eksirei za miguu, na majina ya wazazi wake kuumeni na kukeni. Saisi amerudishwa Kajiado kuuliza.